Dada Asiyevaa Glavu

Kitasa cha mlango wa mbele kilimtaja hausigeli. Tumpale Mwasomola akakikodolea macho kipimajasho chake, akakifuta kwa pindo la koti, akakibandika tena pale pale kwenye shaba. Kikalia mlio wake mfupi, kikaandika vile vile bila haya: SAYUNI KIKOTI, asilimia themanini na moja. Evarist Mbelwa, mwenye nyumba, aliyekuwa anatumikia kifungo kwa kuwauzia watu maji ya bomba kwenye vichupa vya dawa ya sukari, alipata asilimia mbili.

"Haki ya Mungu, hicho kidude kimeharibika," alisema Mzee Chilongani. Alikuwa mjumbe wa mtaa, na sheria ilimtaka asimame pale kama shahidi, mtu asiye na undugu wala ugomvi na mwenye mali. Kwa heshima ya kazi hiyo alikuwa amevaa koti la vikao, ingawa jua la Dodoma lilishaanza kuchoma.

"Hakijaharibika, mzee. Nimekijaribu asubuhi kwenye kikombe changu mwenyewe."

"Sasa hausigeli anamiliki vipi mlango?"

Tumpale akausukuma mlango. Alikuwa na miaka kumi na miwili katika kazi ya kukamata mali za wahalifu, na kama kuna kitu kilichokuwa kinamnyima raha, ni kazi inayoanza vizuri. Hii ilianza vizuri mno. Geti walilikuta wazi. Mbwa wamefungwa. Hati ya kukamata hutolewa kwa siri, jaji huisaini asubuhi ile ile, lakini sebuleni palikuwa na chai ya tangawizi na maandazi yanayotoa moshi, na vikombe vinne vimepangwa. Wao walikuja wawili. Ukimjumlisha hausigeli ni watatu. Wa nne alikuwa ameketi kwenye kochi, suti ya kijivu, miguu kaikunja nne, anatabasamu kama bwana harusi.

"Karibuni, karibuni," alisema. "Wakili Fulgensi Maganga. Jisikieni mko nyumbani."

"Nani aliyekuambia tunakuja leo?"

"Ofisa, mji huu mdogo."

Mji wa Dodoma haukuwa mdogo tangu bibi yake Tumpale yuko shule. Aliisoma hati kwa sauti akiwa amesimama kizingitini, neno kwa neno, kama utaratibu unavyotaka: kwamba Jamhuri inakuja kuchukua mali iliyotokana na uhalifu, kwamba kila kitu kitapimwa, kitaandikwa na kubandikwa stika nyekundu, kwamba mwenye dai aseme. Wakili alisikiliza huku akitikisa kichwa taratibu. Hakupinga hata koma. Mawakili wa matajiri hupinga mpaka tarehe. Hapo ndipo Tumpale alipoacha kuitazama hati, akaanza kumtazama wakili.

*

Sheria ya Mikono ilipitishwa kwa sababu ya hasira, na hasira ile ilikuwa ya haki. Zamani mhalifu alikuwa akikamatwa anakutwa hana hata sufuria. Nyumba iko kwa jina la mama mkwe, shamba la mtoto wa miaka mitatu, gari la marehemu. Karatasi zilikuwa zinasema lolote unalozilipa ziseme. Basi wataalamu wakaja na kipimajasho. Kila mtu anaposhika kitu anaacha jasho na vumbi la ngozi yake, tabaka juu ya tabaka, miaka na miaka, na hata ukifuta kwa sabuni kuna linalobaki kwenye vinyweleo vya mbao na mikwaruzo ya kioo. Chombo kinazisoma zile tabaka, kinalinganisha na viganja vilivyosajiliwa nchi nzima, kinakwambia kitu hiki kimeshikwa zaidi na nani. Bunge likasema: aliyeshika zaidi ya nusu ndiye mwenyewe. Na nyumba inakwenda na milango yake: mwenye milango mingi ndiye mwenye nyumba.

Walioitunga walikuwa watu wazuri. Ila hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kufuta vumbi nyumbani kwake.

Matajiri ndio waliowahi kuliona tundu. Mwaka haujaisha, kila mfanyakazi wa ndani akavishwa glavu. Ukipita mitaa ya wenye nazo saa mbili asubuhi utaiona mikono ya bluu ikianika nguo, ikiosha magari, ikisukuma watoto kwenye vigari. Mfanyakazi aliyekutwa anashika kikombe cha bosi kwa mkono mtupu alifukuzwa siku hiyo hiyo na mzigo wake ukikaguliwa.

Kwa hiyo Tumpale alipoingia chumba hadi chumba na kuona jina la Sayuni Kikoti likimfuata, hakushangaa tu. Alishuku. Mlango wa maktaba: Sayuni. Meza ya chakula ya watu kumi na sita: Sayuni. Luninga iliyojaa ukuta mzima: Sayuni. Piano ambayo hakuna mtu aliyejua kuipiga: Sayuni, asilimia tisini na sita.

"Anaipiga?" Mzee Chilongani aliuliza.

"Anaifuta, mzee."

Wakafika chumba cha bwana na bibi. Kitanda kikasema Sayuni, asilimia sabini na nne. Mzee Chilongani akakohoa kwa makusudi. "Hapo sasa," akasema, na macho yanamcheka.

"Anatandika. Asubuhi na jioni. Tafadhali, mzee wangu, tusianze."

Alimkatiza hivyo, lakini mwenyewe alishaliandika kichwani. Labda alikuwa mke wa pili. Labda alikuwa mshirika, na huo uhausigeli ni kanzu ya kumfichia. Wezi wakubwa kuliko Mbelwa walishafanya vituko vikubwa kuliko hivyo. Tumpale akafungua droo moja moja, akachungulia mpaka uvunguni. Hakuona glavu hata ya dawa. Nyumba nzima ya milango ishirini na saba, jina la mfanyakazi likishinda kwenye ishirini na mitano, na hakuna glavu.

Kila kipimo kilikwenda mahakamani papo hapo, chenyewe, kwa usalama. Hakuna ofisa aliyeweza kukifuta. Sheria ilifanya hivyo makusudi, kwa kuwa maofisa nao ni watu.

*

Sayuni alikuwa jikoni, amesimama karibu na sinki kama mtu anayesubiri zamu yake hospitali. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, kilemba cha kitenge, na mikono iliyoiva kwa sabuni.

"Shikamoo, mama," Sayuni alimwamkia Tumpale.

"Marahaba. Hujambo? Keti."

"Nimezoea kusimama."

"Leo keti." Tumpale mwenyewe akavuta kigoda, akaketi; Sayuni akabaki amesimama. Mzee Chilongani alibaki mlangoni, sikio ndani. "Glavu zako ziko wapi?"

"Sina, mama."

"Huna kwa maana ya zimeisha, au hujawahi kuwa nazo?"

"Sijawahi. Nilipotoka Kilolo nilikuja na zangu, mdogo wangu alinipa. Baba akasema zitupe." Baba ndiye Mbelwa, alimwita hivyo bila kufikiri. "Akaniambia, Sayuni, wewe si mgonjwa, na sisi si wagonjwa. Wewe ni mtu wa hapa. Shika vitu vya kwenu."

Alilisema kwa fahari. Tumpale alilitazama lile tabasamu kwa makini, akilitafutia mshono.

"Na ukakubali tu?"

"Nikatae? Mama, wewe hujui. Wenzangu mtaani ikifika jioni vidole vimenyauka, vinanuka mpira. Walikuwa wananionea wivu waziwazi. Mimi nilikuwa nashika kikombe nasikia joto lake. Nilikuwa napita na kitambaa huku na mkono mwingine nashika mbao, hivi." Akaonyesha kwa kiganja juu ya meza. "Baba alipenda nishike. Alikuwa akiniambia, piano ile ishike vizuri, isiote vumbi."

"Kila siku?"

"Kila siku. Hata siku ya msiba wa shemeji yake aliniuliza kama nimepita kwenye milango."

Tumpale akainama mbele. "Na yeye alikuwa anashika vitu?"

"Maskini, yeye alikuwa na ukurutu. Alivaa glavu za ngozi, laini, hata kitandani. Nilikuwa nazifua mimi. Na Mama Doreen, mkewe, ana zile kucha zake, huyo hagusi kitu. Watoto wako ng'ambo."

"Sayuni." Tumpale alifungua faili kwenye kishikwambi chake. "Mtu akiingia gerezani daktari anamkagua mwili mzima, anaandika cheti. Cha Mbelwa hiki hapa. Kimeandikwa ngozi safi, haina doa. Mikono yake ni laini kuliko yako na yangu."

Sayuni alicheka. Kicheko kilitoka kizima, kisha kikakatika katikati. Akaitazama mikono yake, akaigeuza, akaitazama tena upande wa pili. Tumpale alishawaona watu wakilia mbele yake, wakizirai, wakimtupia viatu. Hakuwahi kumwona mtu akinyang'anywa heshima aliyokwisha kuishi nayo miaka sita, na ilimuuma kuliko alivyotegemea.

"Kwa hiyo hakuwa…"

"Hakuwa. Alikuwa anakupaka kwenye nyumba yake kama rangi. Chombo kikija kikukute wewe."

"Na lile neno, mtu wa hapa?"

"Lilikuwa bei rahisi kuliko mawakili."

Mzee Chilongani mlangoni alitoa sauti ya kusikitika. Lakini Tumpale hakuwa amemaliza. Huruma ilikuwa imempanda, na kwa sababu hiyo hiyo akajishuku. Dada mpole, mikono mizuri, hadithi inayoshuka bila kikwazo. Hata hii huenda ilipangwa. Akauliza lile swali ambalo angemuuliza mtu yeyote.

"Hukuwahi kuvaa glavu humu hata mara moja?"

Sayuni akageukia sinki. Akafungua bomba, akalifunga.

"Mara moja moja," alisema.

"Lini?"

"Kukiwa na kazi ya kule stoo."

"Kazi gani ya stoo?"

"Ofisa Mwasomola!" Wakili Maganga alikuwa amefika mlangoni, kamsukuma Mzee Chilongani kidogo kwa kiwiko. Tabasamu halikuwepo. "Naomba usimhoji mteja wangu bila mimi."

"Mteja wako nani? Mbelwa yuko ndani."

"Mteja wangu ni Bi. Sayuni Kikoti."

Tumpale akamgeukia yule mwanamke. "Unamjua huyu?"

"Nimemwona leo," Sayuni alisema. "Alikuja saa moja. Akaniambia nichemshe chai ya watu wanne."

*

Walirudi sebuleni. Chai ilikuwa imepoa na hakuna aliyeigusa, isipokuwa Mzee Chilongani, ambaye alikuwa na andazi moja mkononi na la pili mfukoni.

Wakili akatoa karatasi mbili, akazinyoosha mezani kwa upande wa mkono. Ya kwanza ilimfanya yeye kuwa wakili wa Sayuni. Ya pili ilikuwa hati ya zawadi. Ilisema kwamba mali yoyote ya Sayuni Kikoti iliyoko katika nyumba ile, ikithibitika ni yake, ameitoa kwa hiari na kwa mapenzi yake kwa mke wa Evarist Mbelwa. Chini palikuwa na kiganja cha Sayuni, wazi, vidole vitano, na tarehe ya miaka miwili nyuma.

"Hii ni fomu ya bima," Sayuni alisema. "Baba aliniambia ni bima ya matibabu. Niliweka mkono palepale mezani."

"Ungeisoma, dada yangu," Wakili alisema kwa upole.

"Ilikuwa imefunikwa. Niliachiwa pa kuweka mkono tu."

Tumpale aliijua sheria ya viganja kwa moyo na aliichukia siku hiyo kuliko siku zote. Karatasi yenye kiganja haivunjwi. Kesi ya kudai ulidanganywa ilichukua miaka minane, na huko mbele ya jaji kungekuwa na Maganga kumi dhidi ya mwanamke mmoja wa Kilolo. Sasa aliuona mtego mzima kama ulivyofumwa. Chombo kinasema nyumba ni ya Sayuni. Sayuni hana hatia. Nyumba inakuwa yake kwa nusu saa, kisha inarudi kwa Mbelwa kupitia kwa mkewe, safi, imeoshwa na Jamhuri yenyewe.

Kilichobaki kilikuwa kisanduku kimoja kwenye fomu. Wakili alikigonga kwa ncha ya kalamu.

"Soma hapo, Ofisa. Utaratibu."

Hakuwa na haja ya kusoma. Je, mmiliki alijua, au alikuwa na sababu ya kushuku, kwamba mali hii imetokana na uhalifu? Akiandika hapana, mali ni ya mmiliki. Akiandika ndiyo, mali inachukuliwa na Jamhuri inaigawa kwa walioumizwa, na mmiliki anakwenda jela miaka saba. Mbelwa alikuwa amezika akaunti zake mahali ambapo hata kipimajasho hakifiki, kwa hiyo nyumba hii ndiyo fidia yote iliyopatikana. Watu mia mbili na kumi na wawili walijidunga maji wakidhani ni dawa. Kila Jumatatu mzee mmoja wa Kibaigwa alimpigia Tumpale simu, hakuwa na la kusema, alikuwa anauliza tu, mwanangu, mmefikia wapi. Mkewe alikufa akiwa ameshika kichupa kipya, akikisifia kwamba hiki hata hakiumi.

"Andika hakujua, tuachane salama," Wakili alisema. Aliinama karibu, manukato yake yakafika kwanza. "Au andika alijua, umfunge dada wa watu kwa kosa la kufuta meza. Naambiwa wewe ni mtu wa dhamira. Tuliomba upangiwe wewe."

Tumpale aliinua kichwa kutoka kwenye fomu. Kwa hiyo hata yeye alichaguliwa. Walimpima kama kitasa, wakajua atasema nini.

"Kwani lazima tukiamini hicho kidude?" Mzee Chilongani aliuliza, mdomo una andazi. "Mimi nimesema tangu mlangoni kimeharibika. Niko tayari kusaini kwamba kimeharibika."

"Vipimo vimeshafika mahakamani, mzee. Vyote."

"Basi Mungu atusaidie."

Sayuni alikuwa bado amesimama. Aliuliza kwa sauti ndogo, kama anauliza bei ya nyanya. "Mkiandika sikujua, Baba anarudi humu?"

"Baada ya kifungo," Tumpale alisema. "Kimebaki miaka mitatu."

"Na mkiandika nilijua, nyumba wanapewa waliofiwa?"

"Inauzwa. Ndiyo, wao."

"Na mimi?"

"Miaka saba, Sayuni."

Wakili alicheka kidogo. "Hapa hakuna haja ya hesabu, dada yangu. Wewe hukujua. Sema hivyo, na Mama Doreen hatakusahau."

Tumpale akaweka kishikwambi mezani. Maisha yake yote ya kazi alikuwa akiwabana watu mpaka waseme ukweli, na sasa akajisikia akifanya kinyume, tena kwa haraka, kabla ya kujizuia. "Sayuni, nisikilize. Nitakuuliza swali moja, na utajibu hilo tu. Habari ya stoo sijaiandika popote, na sina haja nayo tena. Unanielewa? Hukuingia stoo."

Alipomaliza kusema alijishangaa. Ndani ya sentensi moja alikuwa amemtupa mzee wa Kibaigwa.

"Niliingia, mama."

"Sayuni."

"Niliingia. Kila Alhamisi." Alivuta kiti, akaketi, kwa mara ya kwanza siku ile, kwenye kiti cha kichwani mwa meza ambako labda alikuwa hajawahi kukaa. "Nilikuwa nabandika lebo. Ndiyo siku hizo tu alinipa glavu. Nyumba nzima nishike kwa mkono, ila vile vichupa nivae. Nikamuuliza mara moja tu kwa nini. Akasema, ni dawa, isichafuke. Nikasema sawa."

"Hilo si kujua," Wakili alisema upesi.

"Sijamaliza, kaka. Siku moja tukaishiwa maji ya kujazia, yale ya kwenye katoni. Akaniambia lete ndoo. Nikaenda jikoni, nikafungua bomba lile, nikajaza ndoo, nikampelekea stoo. Akachota kwa birika, akajaza vichupa, mimi nabandika. Lebo inasema dawa ya sukari." Alikunja kiganja juu ya meza. "Mama yangu mzazi ana sukari. Nazijua zile chupa. Nilijua mama yangu haweki maji mwilini mwake. Nikajiambia, Sayuni, wewe umesoma mpaka wapi? Labda inachanganywa baadaye. Nilijiambia hivyo kila Alhamisi, kwa sababu nilikuwa napenda kuitwa mtu wa hapa. Nilikuwa napenda jamani, nisiwadanganye. Kila nilipoanza kushuku nilikuwa naikumbuka ile mikono ya wenzangu, naacha."

Tumpale alikuwa akimtazama kwa jicho lake lile la miaka kumi na miwili, likitafuta uongo kama kawaida. Huenda alikuwa analipiza kisasi. Huenda ndoo aliitunga hapo hapo kwa uchungu wa glavu za ngozi, ili Mbelwa asirudi kulala kwenye kitanda kile. Lakini stoo ilikuwa na bomba lililokauka, Tumpale alikuwa ameliona alipopita kupima, na hakuna mtu ambaye angelijua hilo ila aliyewahi kubeba ndoo. Kwa mara ya kwanza kazini Tumpale alitamani shahidi wake awe mwongo.

"Huyu amechanganyikiwa," Wakili alisema, amesimama, sauti imepanda. "Kama wakili wake naondoa maneno yote hayo."

"Umefukuzwa," Sayuni alisema. Halafu akamgeukia Tumpale. "Mama, niulize sasa. Kama inavyoandikwa."

Tumpale aliuliza. Sauti yake mwenyewe ilimtoka kavu, kama inasoma jina la mtu mwingine. "Sayuni Kikoti. Je, ulijua, au ulikuwa na sababu ya kushuku, kwamba mali hii imetokana na uhalifu?"

"Nilijua."

Kidole cha Tumpale kikashuka kwenye kisanduku. Kilikaa hapo muda. Kikabonyeza. Kishikwambi kikadai sahihi ya shahidi wa mtaa, kwamba amesikia jibu la mmiliki kwa masikio yake mwenyewe. Bila sahihi hiyo jibu halihesabiki.

Akakisogeza kwa Mzee Chilongani. Mzee akajikung'uta makombo kwenye koti, taratibu, chembe moja moja.

"Samahani, mwanangu," alisema. "Masikio haya ya uzee. Sikusikia alichosema."

Tumpale alimtazama. Alijua kwamba mzee yule alisikia mpaka kijiko kilichoanguka jikoni. Wakili naye alijua. Akarudi kuketi pole pole, kama mtu aliyeokotewa pochi yake.

"Hakusikia," Wakili alisema. "Imeandikwa hakusikia. Tuendelee."

"Siwezi kusaini nisichokisikia," Mzee Chilongani alisema, na macho yake yalikuwa yanamwomba Sayuni. "Binti yangu, umesema nini? Umesema hukujua, eti? Mimi hilo nitalisikia."

Sayuni akainuka. Akaenda kwenye dirisha kubwa la mbele, lile linaloangalia mtaa, akafungua komeo la juu, la chini, akalisukuma likafunguka lote. Huko nje mtu alikuwa anafagia, redio inalia, wanawake wawili wanabishana habari ya mkaa. Akapanua kifua kama anayemwita jirani ng'ambo ya pili ya barabara.

"Nilijua!" alisema. "Mimi Sayuni, wa hapa kwa Mbelwa! Nilijua ni maji, na nilibandika!"

Fagio likanyamaza. Kisha redio. Sayuni akageuka, uso umelowa, akamwambia yule mzee kwa upole na adabu zake zote, "Umenisikia sasa, mjumbe?"

Mzee Chilongani alikuwa anapapasa mifuko ya koti, ya ndani na ya nje, anatafuta miwani ya kusainia. Miwani alikuwa ameivaa, na wote watatu walimwacha aitafute.